Ajali ya gari nje ya barabara ya umma: jinsi ya kuwahudumia waliokuwa ndani

Magari yanapogongana ndani ya yadi ya kiwanda, kwenye maegesho, shambani, bandarini au machimboni, neno la kwanza ambalo wengi hulitamka ni kwamba hii si ajali ya barabarani. Neno hilo linaumiza watu kabla ya ajali na baada yake. Kabla ya ajali, dereva hafungi mkanda kwa kuwa anakwenda hapa na pale tu. Baada ya ajali, gari la wagonjwa haliitwi, asiyevuja damu anaambiwa akapumzike kivulini, na hakuna anayeandika lolote hadi siku ya tatu, mtu anapoanza kukojoa damu au kushindwa kugeuza shingo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumhudumia dereva au abiria aliyeumia katika mazingira hayo, tangu dakika ya kwanza hadi kumbukumbu ya tukio inapoandikwa. Haukusudii kuchukua nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo kila eneo la kazi lenye magari linapaswa kuwa na watu kadhaa waliyoyapata.

Mwendo mdogo si kinga

Gari lililokuwa likienda kilomita 20 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga nguzo ya zege, mtu asiyefunga mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule hadi atakapozuiwa na usukani, dashibodi au kioo. Nishati anayokuwa nayo wakati huo ni ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa zaidi kidogo ya mita 1.5. Kwa kilomita 30 kwa saa, urefu huo unafika takriban mita 3.5, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne. Fundi akianguka kutoka kwenye dari ya urefu huo hakuna atakayemwambia akae kidogo kisha aendelee na kazi, lakini aliyegonga nguzo kwa nishati ileile huambiwa hivyo kila siku.

Mifuko ya hewa nayo isitegemewe kama kipimo cha ukali wa ajali. Imetengenezwa ifunguke pale tu vihisio vinapotambua mgongano wa nguvu fulani na wa upande fulani, kwa hiyo mtu anaweza kuvunjika mbavu huku mifuko yote ikiwa imelala mahali pake. Isitoshe, mashine nyingi za shambani na za yadini hazina mifuko hiyo kabisa.

Uzito pia una nafasi yake. Gari dogo likigongana na lori la kubebea mawe, tofauti ya uzito ni kubwa kiasi kwamba lori halihisi kitu, na gari dogo hubeba karibu badiliko lote la mwendo. Hatari zaidi ni kwamba bampa la lori kubwa liko juu kuliko boneti ya gari dogo, hivyo sehemu za mbele zilizoundwa kukunjika ili kupunguza nguvu hazifanyi kazi yake, na chuma hufika moja kwa moja kwenye kioo na paa. Ndiyo sababu kwenye machimbo magari madogo hufungwa mlingoti mrefu wenye bendera na taa, ili dereva aliye juu ayaone.

Kabla ya kuligusa gari

Usikimbilie mlango. Katika yadi au mgodi, mashine nyingine zinaendelea na kazi na madereva wake huenda hawajui kilichotokea, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha shughuli zote za eneo hilo kwa redio, kwa king'ora au kwa kutuma watu wakasimame mahali wanapoonekana. Kisha tazama ardhi yenyewe. Gari lililo kwenye mteremko hukingwa kwa mawe au magogo nyuma na mbele ya matairi hata kama breki ya mkono imevutwa, na mtu yeyote asisimame upande ambao gari lililoinama linaweza kuangukia. Zima injini na uondoe ufunguo. Magari ya umeme hayatoi mlio yakiwa yamewashwa, kwa hiyo ukimya usikudanganye, hakikisha yamezimwa.

Juu ya vichwa nako kutazamwe. Gari au trekta ikiwa imegusa waya wa umeme, ardhi inayoizunguka inaweza kuwa na umeme, na wasaidizi wanapaswa kukaa umbali usiopungua mita 10 hadi shirika la umeme lithibitishe kwamba waya umezimwa. Walio ndani ni salama zaidi wakibaki ndani. Wakilazimika kutoka kwa sababu ya moto, waruke miguu ikiwa pamoja, wasiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha wajiondoe kwa kurukaruka au kuburuta miguu iliyobanana bila kuitanua, kwa kuwa hatua pana hupitisha umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Ikiwa mfuko wa hewa haujafunguka, usiingize kichwa kati ya majeruhi na usukani. Ikiwa ajali imetokea ndani ya ghala lililofungwa au chini ya ardhi, moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, kwa hiyo injini zote zizimwe na hewa ipite kabla watu hawajajazana.

Kuita msaada mahali pasipo na jina la mtaa

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mpokeaji wa simu ya dharura anauliza barabara gani, na aliye kwenye simu anajibu kwamba ni ndani, nyuma ya ghala la pili. Toa jina la eneo, lango la kuingilia na viwianishi vya mahali kutoka kwenye simu yako ya mkononi, kisha eleza idadi ya walioumia, kama kuna aliyebanwa, na kama kuna mafuta, dawa za kunyunyizia mimea au kemikali nyingine iliyomwagika. Sema pia hali ya njia ya ndani. Gari la wagonjwa likikwama kwenye tope mita 300 kutoka kwa majeruhi, kuitwa kwake mapema hakutakuwa kumesaidia sana, na kwa hiyo ni vyema kupanga mapema trekta au gari lenye nguvu za magurudumu manne lisubiri karibu na lango. Mtume mtu mmoja langoni afungue, abaki hapo na awaongoze waokoaji hadi walipo majeruhi. Kazi hiyo inaonekana ndogo, nami naiweka miongoni mwa kazi tatu muhimu za dakika kumi za mwanzo.

Kumkagua aliye ndani

Mwendee majeruhi kutoka mbele, mahali anapoweza kukuona bila kugeuza kichwa, kwa sababu ukimwita kutoka ubavuni atageuza shingo hata kama ina jeraha. Mwambie wewe ni nani na umwombe asitikise kichwa. Jibu lake linakupa mengi: akijibu kwa sentensi kamili, njia ya hewa iko wazi, anapumua na ubongo unapata damu. Akijibu kwa maneno yaliyochanganyika, au akiitikia tu anapobanwa kwa kidole, au asipoitikia kabisa, andika hali hiyo pamoja na saa, kwa kuwa daktari atataka kujua kama inapanda au inashuka.

Damu inayomwagika kwa wingi hutangulia mambo mengine yote. Gandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi na mkono wote, bila kuinua kila mara kutazama kama imekoma. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haizuiliki kwa kugandamiza, funga mkanda wa kukaza wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, usiuweke juu ya kiungo kinachokunja kama goti au kiwiko, ukaze hadi damu ikome, kisha uandike saa uliyoufunga. Usiulegeze kumwonea huruma majeruhi anayelalamika maumivu. Maumivu yake yanatarajiwa.

Asiyepumua, au anayehema kwa kuvuta pumzi moja moja zilizoachana sana, atolewe kwenye kiti hata kama unahofia shingo yake, alazwe chali mahali pagumu na aanze kugandamizwa kifua katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika; aliyefunzwa atoe pumzi mbili baada ya kila migandamizo 30. Anayepumua lakini hana fahamu hulindwa njia yake ya hewa kwa kuinua taya kwenda mbele, si kwa kuachia kidevu kiangukie kifuani kama inavyotokea kwa aliyezirai akiwa ameketi.

Je, atolewe au abaki? Palipo na moto, maji yanayopanda, gari linaloteleza au mtu asiyepumua, atolewe mara moja. Nje ya hapo, mtu mwenye fahamu kamili, anayesogeza mikono na miguu yote, anaweza kutoka mwenyewe polepole, na mwili wake ukijiongoza huwa unaisogeza shingo kidogo kuliko ukivutwa na watu wanne wenye nia njema. Mwenye ganzi, mchomo kama wa sindano mikononi au miguuni, udhaifu wa kiungo au maumivu makali katikati ya shingo au mgongo abaki alipo, kichwa chake kikishikiliwa kwa mikono miwili katika mkao alionao, hadi wahudumu wafike.

Aliyebanwa aondolewe uzito mapema iwezekanavyo ikiwa kuna njia salama ya kuuondoa, na muda aliobanwa uhesabiwe tangu ajali ilipotokea. Misuli iliyobanwa kwa saa nyingi humwaga potasiamu na sumu nyingine kwenye damu pindi inapoachiliwa, na moyo na figo vinaweza kushindwa, kwa hiyo aliyebanwa muda mrefu aachiliwe wahudumu wa afya wakiwa tayari kando yake.

Wakati wote huo mfunike. Mtu anayepoteza damu hupoteza joto hata mchana wa jua, na damu iliyopoa haigandi vizuri.

Kulisoma gari

Sehemu hii huachwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayomsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya nani alikosea. Gari lililogongwa linaonyesha mwili uligonga wapi. Kabla halijavutwa, piga picha za ndani.

Usukani uliopinda sehemu ya chini unaeleza kwamba kifua au tumbo la dereva liliugonga. Hapo hofu ni mfupa wa kidari, mbavu, moyo uliochubuka, ini na bandama. Kioo cha mbele chenye ufa wa mviringo unaotawanyika kutoka kitovu kimoja, pengine na nywele zilizonasa, kinaeleza kwamba kichwa kilifika pale, na kichwa kilichofika pale kilipeleka nguvu pia kwenye shingo. Tazama chini ya dashibodi. Plastiki iliyobonyea au kupasuka usawa wa magoti inamaanisha kwamba goti liligonga na nguvu ikapanda kupitia fupa la paja hadi nyonga, kwa hiyo mtu anayelalamikia goti pekee anaweza kuwa ameteguka nyonga kwa nyuma. Dalili yake ni mguu uliofupika kidogo, umekunjika na kuelekea ndani, naye hataki kabisa kuunyoosha. Nyonga ya namna hiyo inahitaji kurudishwa hospitalini ndani ya saa chache, kwani kichwa cha mfupa kinaweza kukosa damu na kufa.

Alama ya mkanda kwenye ngozi isomwe kwa makini vilevile. Mkanda wa sehemu tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wengi mno, nao hufanya hivyo kwa kupeleka nguvu kwenye mifupa ya bega, kifua na nyonga. Michubuko ikiwa begani na kwenye mifupa ya nyonga, mkanda ulikaa mahali pake. Michubuko ikivuka tumbo laini, juu ya mifupa ya nyonga, mkanda ulipanda, na utumbo au uti wa mgongo wa kiunoni unaweza kuwa umeumia hata kama tumbo bado ni laini na mtu anatembea. Hilo huonekana zaidi kwa watoto waliofungwa mkanda wa watu wazima bila kiti chao.

Aliyegongwa ubavuni hukaguliwa mbavu, nyonga na viungo vya tumbo vya upande ule: kushoto bandama, kulia ini. Aliyegongwa kwa nyuma hukaguliwa shingo. Gari likipinduka, hakuna sehemu ya mwili inayoweza kuondolewa kwenye orodha, na aliyerushwa nje ahesabiwe kuwa ameumia vibaya hadi hospitali iseme vinginevyo.

Yule anayesema hana kitu

Maumivu ya shingo yatokanayo na kichwa kurushwa nyuma na mbele mara nyingi huanza saa kadhaa baadaye, au kesho yake. Yasipoambatana na ganzi wala udhaifu, na daktari akiisha kuondoa shaka ya kuvunjika, hupona vizuri zaidi kwa kuisogeza shingo taratibu kuliko kwa kuifunga kola kwa wiki nyingi.

Kinachotisha zaidi ni kichwa na tumbo. Aliyegonga kichwa asilale peke yake usiku ule, na awe na mtu mzima karibu kwa saa 24. Apelekwe hospitali upesi akitapika zaidi ya mara moja, akizidi kusinzia, akisahau mambo ya muda mfupi uliopita, akipata degedege, maumivu ya kichwa yanayoongezeka, mboni zisizolingana au majimaji yasiyo na rangi puani au masikioni. Tumbo linaloanza kuuma au kukaza, kizunguzungu anaposimama, mkojo wenye damu, au maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto ambalo halikugongwa popote, yote hayo yanaashiria damu inayovuja ndani. Maumivu hayo ya bega hutokea kwa sababu damu kutoka kwenye bandama huchokoza kiwambo cha chini ya mapafu, na neva zake hupeleka ishara begani. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uchovu wa misuli.

Wapo ambao hawapaswi kusubiri dalili. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito aliyevuka katikati ya mimba waende hospitali siku hiyohiyo hata kama wanajisikia vizuri. Kwa mjamzito, kondo la nyuma linaweza kubanduka bila jeraha lolote la nje, na mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa saa zisizopungua nne.

Trekta, forklifti na gari za matairi manne za wazi

Trekta huua hasa kwa kupinduka. Fremu ya kinga inayozuia dereva asipondwe ilifanywa lazima kwa matrekta mapya nchini Sweden mwaka 1959, na inafanya kazi yake pale tu dereva anapokuwa amefunga mkanda unaombakiza ndani ya nafasi iliyokingwa. Trekta isiyo na fremu ni jambo tofauti: hapo mkanda humfunga dereva kwenye mashine itakayomlalia. Abiria anayekaa juu ya madigadi hana kinga yoyote, na akianguka mara nyingi hupita chini ya gurudumu la nyuma au zana inayokokotwa.

Forklifti inapoanza kulala ubavu, dereva hushawishika kuruka, na hapo fremu ya juu humwangukia. Abaki kitini, akaze miguu, ashike usukani imara na ainamie upande ulio kinyume na ule inakoangukia.

Gari za wazi za kupandia milima au mchangani zihesabiwe kuwa chanzo cha hatari kwa uti wa shingo katika kila ajali. Kanuni ya Kanada ya kukagua shingo, inayotumiwa na madaktari wa dharura kuamua nani apigwe picha, inaziweka kundi moja na magari yaliyopinduka na watu waliorushwa nje.

Kuandika kilichotokea

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, unatenga ajali iliyotokea kwenye barabara ya umma na ile iliyotokea yote nje yake. Dereva wa gari dogo aliyeumia kwa kugongana na gari dogo jingine au pikapu hupewa alama V43.0 akiwa nje ya barabara ya umma, na V43.5 akiwa barabarani. Abiria ni V43.1 na V43.6. Kanuni za uainishaji huo zinaelekeza kwamba mahali pasipotajwa, ajali ya gari la kawaida ihesabiwe kuwa ya barabarani. Kwa hiyo mtu aliyevunjika mguu ndani ya yadi, ambaye fomu yake imeandikwa tu "ajali ya gari", anaingia kwenye hesabu za barabara, na yadi ile inaendelea kuonekana mahali ambapo hakuna anayeumia.

Andika, basi, mahali hasa na aina yake, saa, gari la majeruhi na kitu lilichogonga, na kama alikuwa dereva, abiria, mtu aliyening'inia nje au kwenye paa, au aliyekuwa akipanda au kushuka, kwani kila mmoja ana alama yake. Ongeza mwendo uliokadiriwa, upande uliogongwa, mkanda, mfuko wa hewa, kama gari lilipinduka, hali ya fahamu kwa nyakati tofauti, na saa ya mkanda wa kuzuia damu ikiwa ulitumika. Maelezo ya nani alaumiwe yawekwe kwenye ripoti nyingine, kwa sababu mtu anayehofia lawama hukosea kukadiria mwendo kwa kuupunguza, na daktari anaposoma mwendo mdogo huenda asitafute jeraha lililojificha.

Nakala moja ya karatasi hiyo, pamoja na picha za ndani ya gari, iende na majeruhi ndani ya gari la wagonjwa, nyingine ibaki kwa msimamizi wa usalama wa eneo. Majeruhi akihamishiwa hospitali nyingine, msindikizaji ahakikishe karatasi inahama naye.